Kwaya Nzima kwa Kipimo Kimoja

Baba mdogo aliweka ufunguo juu ya mashini ya kushona, lakini kidole chake kimoja kikabaki juu ya ufunguo. Akasema, "We mutoto, unisikie muzuri. Kama ata mama moja anarudisha robe, hii ufunguo unaniletea siku ile ile." Ndipo akainua kidole. Robe, kwa watu wa kwetu, ni gauni.

Nilikuwa na miaka thelathini na miwili na watoto wawili, na bado naitwa mtoto. Niliuchukua ufunguo mbele ya macho yake, nikautia mfukoni, nikarudi kwenye pasi yangu ya makaa. Mimi hasira zangu ziko karibu, watu wa kwetu wanajua, ila siku ile nilizimeza. Kwa desturi ya ukoo chumba kilikuwa chini yake. Kazi ilikuwa yangu.

Chumba chenyewe kiko Baraka, mji wetu wa kando ya ziwa, kwenye barabara inayoshuka sokoni. Kilikuwa cha baba yangu. Baba alipofariki, mdogo wake ndiye aliyeachiwa kuiangalia nyumba, na tangu mwaka ule alikitamani chumba kwa ajili ya depo ya bia. Aliyemzuia ni dada yao mkubwa, shangazi yangu, ambaye ameshona ndani ya kuta zile tangu sijazaliwa. Shangazi ndiye aliyenifundisha kushika mkasi. Lakini macho yake yameanza kuchoka, na baba mdogo alishaanza kusema kwamba bibi mmoja na cherehani mbili tatu hawawezi kukalia chumba kizima. Nikamwambia kuna oda kubwa inakuja, magauni ishirini na manne ya kwaya ya akina mama kule Minembwe, juu milimani, kwa sherehe ya kanisa lao. Hatukuwahi kupata oda ya namna ile. Basi tukapatana hivyo: magauni yakitoka salama, chumba kinabaki cha washonaji. Likirudishwa hata moja, bia inaingia.

Sasa nieleze ile oda ilitufikia kwa njia gani, kwa maana maneno yote yalianzia hapo.

Zamani vipimo vilikuja kwa vikaratasi. Mtu wa Kazimia anampa mwenye boti kikaratasi, wa Kilembwe anampa motari, mwendesha pikipiki, wa Fizi anapiga simu wakati mvua inapiga bati na wewe husikii kama amesema tisini au themanini. Vikaratasi vililowa. Vingine vilifungiwa karanga. Mwaka uliopita nikasema imetosha. Nikafungua duka la mtandaoni, moja ya yale yaliyokwisha kutengenezwa, wewe unaweka picha na maelezo tu. Nilipiga picha magauni yetu yakiwa yametundikwa mlangoni, nikaweka sehemu ya mteja kujaza jina, namba ya simu, kifua, kiuno, nyonga na urefu. Hata aliye Kilembwe, akipata mtandao, anajaza mwenyewe.

Duka lilifanya kazi, ila oda zilikaa humo humo ndani. Kila asubuhi ilinibidi nilifungue, ninakili oda kwenye jedwali letu la kazi, halafu niwaandikie ujumbe shangazi na wenzetu wawili tunaoshona nao. Nikikosa mega za mtandao, wenzangu wanakaa bure wakitazama barabara. Nikinakili vibaya, kitambaa cha mtu kimekwenda.

Ndipo nikajifunza kuunganisha. Kuna huduma kwenye mtandao ambazo kazi yake ni kusimama katikati: zinachukua habari sehemu moja na kuzipeleka sehemu nyingine, na wewe huandiki hata mstari mmoja wa lugha ya kompyuta. Unachagua visanduku. Kisanduku cha kwanza kinasema: oda mpya ikiingia dukani. Cha pili: iandike kwenye jedwali. Cha tatu: jioni, watumie washonaji ujumbe wa kazi iliyopo. Unaunga kimoja na kingine, kama unavyounga mkono wa gauni begani, na mambo yanatembea yenyewe. Nilijifunza kwa video za bwana mmoja anayesema Kifaransa cha mbio, zinakwama kila baada ya dakika mbili, nikiwa nimekaa kwenye kigoda nyuma ya nyumba ambako mtandao unashika vizuri, na kompyuta yangu ya mitumba juu ya mapaja.

Baba mdogo alinikuta pale siku moja. "Hii kazi iko na benyewe," akasema. "Iko ya batu ba dipolome."

Nikamwambia nami nina diploma. Akacheka. Diploma yangu ni ya kukata na kushona, na sijawahi kuionea haya. Mtu anayeweza kutoa gauni la vipande kumi na viwili kwenye kitambaa kilicholala mezani hawezi kushindwa na visanduku vitatu. Sokoni nako midomo haikukosekana. Eti kwa nini nishonee watu wa juu milimani wakati watu wa ziwa wapo. Niliwajibu kwamba mimi napima kifua, siulizi mtu kashuka mlima gani. Waliokasirika wakakasirika.

Visanduku vilitembea vizuri miezi kadhaa, halafu likatokea jambo la mteja wetu wa Kazimia. Alikuwa ameshonewa kwetu kabla hajashika mimba, kisha akaagiza tena baada ya kujifungua. Jina lake likawa mara mbili kwenye jedwali, na vipimo viwili tofauti. Mmoja wetu akasoma mstari wa juu, ule wa zamani. Gauni likaishia kwenye kiuno, mama wa watu hakuweza hata kulishusha. Nilimshonea jipya kwa kitambaa changu mwenyewe, nikakaa chini nikatafuta dawa.

Bwana wa video alikuwa nayo. Alisema: mteja mmoja, mstari mmoja. Kabla ya kuandika, iambie huduma itafute kwanza kama namba ya simu ya mteja iko tayari. Ikiwa haipo, ifungue mstari mpya. Ikiwa ipo, isifungue mwingine, ila ifute vipimo vya zamani, iweke vipya, na kwenye sehemu ya idadi iongeze gauni moja. Namba ya simu, alisema, ndiyo inayomtambulisha mtu. Nikafanya hivyo hivyo. Nilijiona nimekuwa mjanja sana, na sikuona haya kuwaonyesha wenzangu.

Oda ya Minembwe ikaanza kuingia wiki iliyofuata. Kiongozi wa kwaya, mke wa mwalimu, ndiye aliyejiandikisha wa kwanza. Tulikuwa tumezungumza kwa simu mara moja tu, sauti ya upole, yenye haraka ya mtu anayejua kwamba mtandao utakatika. Kila jioni ujumbe wa kazi ulikuja na jina lake lile lile: mteja mmoja, magauni matatu. Kesho yake mteja mmoja, magauni manane. Siku ya sita ikafika ishirini na manne, ikasimama. Nikaelewa kwamba anawahesabu wanakwaya kadiri wanavyokubali. Vipimo sikuvifungua mpaka siku ya kukata, kwa sababu kitambaa kilikuwa bado njiani kutoka Uvira.

Kitambaa kilipofika siku ya nane, cha rangi ya buluu chenye ua jeupe, nilifungua jedwali. Mstari mmoja. Kipimo kimoja. Kifua sentimita mia moja thelathini na mbili.

Shangazi alisimama na mkasi mkononi. "Kwaya muzima, kipimo moja," akasema. "Bote banazaliwa na mama moja?"

"Shangazi, hata kwaya za hapa Baraka kanzu zao hukatwa saizi moja, kubwa, kila mtu anaingia. Nao wametaka hivyo."

"Uliwauliza?"

"Iko kwenye jedwali."

Aliniangalia kwa yale macho yake yaliyochoka, akainama, akakata. Wote tulikata. Tulilaza kitambaa mara nne nne, tukafuata chaki, na kufikia saa kumi vipande vyote vya magauni ishirini na manne vilikuwa vimerundikwa kwenye benchi, buluu tupu. Hakikubaki kitambaa ila vibanzi. Na kitambaa kile, aliyetuuzia alishatuambia, ni cha mwisho.

Kesho yake asubuhi simu ikalia. Alikuwa kiongozi wa kwaya.

"Mama fundi, yule wetu mwembamba anaomba kitu. Alisahau kuandika. Anaomba mikono ikuwe mirefu kidogo."

"Mwembamba yupi?"

"Si yule mwenye aliandika kifua makumi nane."

Nilikaa kwenye benchi, juu ya vile vipande. Nikamuuliza taratibu: "Mama, kila mmoja aliandika vipimo vyake?"

"Kila mutu na yake. Tulipanda nabo kilima chenye mtandao, moja moja, bakitoka shamba. Simu yenye kufungua duka iko moja, yangu. Numero njo hii, ndiyo hii hii."

Nikaelewa yote palepale. Akina mama ishirini na wanne, simu moja, namba moja. Kwa huduma yangu wote walikuwa mtu yule yule anayebadilisha mwili wake. Kila aliyepanda kilima na kujaza vipimo alimfuta aliyemtangulia, na kwenye idadi ikaongezeka gauni. Jina la kiongozi lilibaki kwa sababu sikuwa nimeiambia huduma ibadilishe jina. Vipimo vilivyobaki vilikuwa vya mama wa mwisho.

Kilichoniuma zaidi ni hiki. Mimi nimekulia wapi? Kwetu simu ya shangazi ilikuwa ya barabara nzima. Mtu akipiga kutoka Uvira, tunatumwa mbio kumwita jirani wa nyumba ya nne. Nilipojifungua mtoto wangu wa kwanza, namba iliyoandikwa kwenye karatasi ya hospitali ilikuwa ya shangazi, na wazazi wengine wawili waliolala wodi ile waliandikiwa namba hiyo hiyo. Namba ya simu ndiyo mtu: kwa bwana wa video labda. Kwangu haijawahi kuwa, nami nililijua hilo tangu utoto, na bado nikafuata maneno yake neno kwa neno kwa sababu yeye anajua na mimi ni fundi wa cherehani. Nilijichukia. Nililia kidogo pia, na sifichi.

Shangazi hakuniambia kwamba alinionya. Alichukua kipande cha mbele cha gauni moja, akajipima nacho, kikamzunguka na kubaki. "Huyu mama ni munene," akasema. "Na mrefu. Mushukuru Mungu. Robe kubwa tunaweza kupunguza. Tungekata ya yule wa makumi nane, leo tungeenda kulala ndani ya ziwa."

Hilo ndilo lililonisimamisha. Nilirudisha simu sikioni, maana kiongozi wa kwaya alikuwa bado ananiita, nikamwambia kweli yote bila kuipunguza. Nikamsomea kile kipimo. Kifua mia moja thelathini na mbili.

Kiongozi akasema, "Ni yule wetu. Alikataa siku zote. Benzake banamuchekaka, eti metre ya kupimia haitamufika. Siku ya mwisho aliniomba simu, akapanda kilima peke yake, akajiandika mwenyewe. Hakutaka mutu asikie ile numero."

Niliuangalia ule mrundo wa buluu nikajua ni mwili wa nani. Nilimwomba tu asimwambie mtu.

Basi vipimo vya wale wengine ishirini na watatu viko wapi? Jedwali liliwafuta. Lakini huduma ile ya katikati hutunza historia: kila oda iliyopita mikononi mwake, inaacha nakala jinsi ilivyoingia. Nilikumbuka kuiona siku moja na kuipuuza. Nilikimbilia kigoda changu nyuma ya nyumba, nikafungua. Kwa watu wa mpango wa bure, historia inakaa siku saba, kisha inafutika yenyewe. Na siku ile ilikuwa ya tisa tangu kwaya ianze kujiandikisha. Watatu wa siku ya kwanza wameshafutika, kiongozi mwenyewe akiwa mmojawapo. Watano wa siku ya pili walikuwa wanasubiri kufutika siku ile ile.

Nilichukua daftari la mwanangu la hesabu, nikaanza na hao watano. Kila nakala nilipaswa kuibonyeza, kungoja ukurasa ufunguke, kushuka chini mpaka kwenye vipimo, kuandika kwa mkono. Mtandao ulikuwa unakuja na kuondoka. Betri ilishuka, nikaiunga kwenye sahani ya sola ya jirani. Watoto waliporudi shule nilikuwa bado pale, na jua lilikuwa limeshanifuata upande wa pili wa nyumba. Nilipoandika wa ishirini, wa mwisho, nikarudi kwa yule wa kwanza wa wale watano kuhakikisha kiuno chake. Ukurasa haukuwapo tena. Nilikuwa nimeshampata.

Baba mdogo alikuja kesho yake. Baraka si pakubwa, na mmoja wa wenzetu ana mume anayeongea. Hakuketi. Alisimama mlangoni akitazama vipande kana kwamba anahesabu kreti zake za bia zitaenea wapi.

"Basi mashini imekudanganya," akasema, na kwa kweli alisema kwa huruma, hilo ndilo lililonichoma. "Si kosa lako. Hizi bitu haziko za kwetu. Funga ile duka, urudie daftari, na mimi natafuta kijana moja wa Bukavu mwenye alisomea. Ufunguo tutaongea."

Alikuwa ananipa mlango wa kutokea. Ningesema tu ndiyo, mashini.

"Baba mdogo," nikasema, "mashini ilifanya nilichoiambia. Niliyekosea ni mimi. Na aliyekosea ndiye atakayerekebisha. Duka silifungi, kijana wa Bukavu simtaki, na ufunguo tulisema gauni likirudishwa. Hakuna lililorudishwa."

"Bado," akasema.

"Bado," nikasema nami. "Na leo ni kazi, tuachie mwanga wa mlango."

Shangazi, dada yake mkubwa, hakuinua kichwa. Alisema tu, "Umesikia mutoto. Ondoka kwa mwanga." Akaondoka.

Wale watatu waliofutika walibaki. Ningeweza kumwomba kiongozi awapime tena na kunitajia kwa simu, lakini metre yenyewe walikuwa wameazima kwa mtu wa soko, na alishakwenda nayo. Shangazi akaniomba simu. Akamweleza kiongozi wa kwaya namna walivyokuwa wakipima yeye akiwa msichana: uzi mmoja kwa kila mama. Unaanzia kwenye ncha iliyounguzwa moto. Fundo moja kifua kinapoishia, mafundo mawili nyonga, matatu urefu. Penye kiuno unafunga kijitambaa chekundu juu ya uzi ili kisichanganywe. Baada ya siku mbili motari akashuka na bahasha, ndani mna nyuzi tatu zimeviringwa, kila moja na jina lake. Nilizinyoosha mezani juu ya metre yetu, nikazisoma, nikaziandika kwenye jedwali kwa mkono wangu. Zilikuwa sahihi kuliko zile za simu.

Halafu nikarudi kwenye visanduku. Nilikifungua kile cha kutafuta, nikafuta namba ya simu. Nikaweka namba ya oda, ambayo duka lenyewe huitoa na haijirudii, hata kama kijiji kizima kitatumia simu moja. Na kwa wateja wa zamani kama yule wa Kazimia, nikaongeza kisanduku kingine: ikiona jina na namba vyote viwili vimefanana na vya mstari uliopo, isifute chochote, initumie mimi ujumbe niulize. Bwana wa video hana kisanduku hicho. Nilijaribu kwa kuagiza magauni matano kwa simu moja, kwa majina ya kubuni. Mistari mitano ikasimama kwenye jedwali. Nilimwita shangazi aje aone, akasema haoni kitu, maandishi ni madogo, ila nimsomee. Nikamsomea yote matano, na akataka nirudie.

Tulipunguza magauni ishirini na matatu. Kupunguza si kukunja pembeni na kupiga mshono, atakayesema hivyo hajui kushona. Ukipunguza kifua, bega linashuka. Ukipandisha bega, shingo inapanuka. Yule mwembamba wa themanini tulimkata upya kabisa ndani ya vipande vya yule mkubwa, na mikono yake mirefu tukaitoa kwenye mabaki. Mmoja tu alimpita yule mama kwa urefu. Tukamwongezea pindo jeupe chini, na ili asionekane peke yake, tukawawekea wote pindo jeupe. Gauni moja tu tulilishona vile vile lilivyokatwa, na pindo ndilo pekee lililoongezwa.

Siku ya kuchukua ilikuwa Alhamisi. Kiongozi wa kwaya alishuka na motari, na nyuma yake motari wa pili akiwa amembeba mama mmoja peke yake, mnene, mrefu, amejifunika kitenge hadi kidevuni ingawa jua lilikuwa kali. Nilimjua kabla hajashuka. Walikuwa wamekuja wawili tu, kubebea wenzao mzigo. Niliwapa maji, tukasalimiana, nikaanza kuwaonyesha gauni moja moja na jina lake limebandikwa kwa pini.

Baba mdogo akaingia. Sijui nani alimwambia siku. Alivua kofia, akawaamkia wageni kwa heshima, kisha akamtazama yule mama kuanzia chini mpaka juu. Niliona alivyofikiri. Alikuwa amesikia kwamba tulikata yote kwa kipimo kimoja na kisha tukayapunguza, basi kwake kama kuna gauni litakalogoma ni la huyu.

"Mama, karibu," akasema. "Wewe njo uanze. Vaa hapa, tuone kazi ya batoto betu."

Yule mama alitazama chini. Kuvaa mbele ya watu ndilo jambo alilolikimbia mpaka akapanda kilima peke yake, na sasa mwanamume asiyemjua anamtuma nyuma ya pazia. Nilitaka kumfukuza baba mdogo palepale. Lakini yule mama alinyoosha mkono, akachukua gauni lake mikononi mwangu bila kuniangalia, akapita nyuma ya pazia.

Alikaa huko. Tulisikia zipu ikipanda, ikasimama, ikapanda tena mpaka juu. Shangazi alikuwa ameshika ukingo wa meza.

Alipotoka, kitenge kilikuwa mkononi. Gauni lilikuwa limemkaa begani, kifuani, kiunoni, limeteremka mpaka kwenye kifundo cha mguu na pindo lake jeupe. Alijigusa ubavuni, pale ambapo nguo zake zote huwa zimeongezewa kipande cha kitambaa kingine. Hapakuwa na kipande. Akapapasa upande wa pili.

"Hii mulifumua mara ngapi?" akauliza.

"Hatukulifumua," nikasema. "Ni lako lilivyokatwa." Na kwa kuwa nilikuwa nimechoka kuficha, na kwa kuwa baba mdogo alikuwa amesimama pale na mkono wake tayari kupokea ufunguo, nikamwambia yote. Kwamba nilikosea. Kwamba kwa siku moja kwaya yao yote ilikatwa kwa mwili wake, na kama si yeye kujiandika wa mwisho, magauni yote yangekuwa matambara. Kwamba wenzake wote tuliwapunguza kutoka kwake.

Alimwangalia kiongozi wake, akaangalia yale magauni ishirini na matatu yenye pini.

"Basi miye njo kipimo," akasema. "Bengine muliwapunguza."

"Ndiyo, mama."

Alicheka. Machozi yalimtoka hapo hapo, akayafuta kwa kiganja, hakuchukua kitenge. Hakujifunika tena. Kisha akamgeukia baba mdogo, ambaye alikuwa bado mbele yake, na kwa urefu alikuwa anamzidi kidogo.

"Baba, ulitaka kuona," akasema. "Umeona?"

Baba mdogo akavaa kofia. Alisema ni kazi nzuri, alisema hivyo, na akatoka akipitia ubavuni mwa mlango maana mama yule alikuwa ameuziba karibu wote. Hakuniuliza ufunguo. Nami sikumwonyesha.

Yule mama alipanda pikipiki akiwa amelivaa gauni lake, mafurushi mawili yamefungwa nyuma yake, na motari akamwambia atalichafua kwa vumbi la njiani. Akamjibu kwamba atalifua. Jioni nilifunga mlango mwenyewe, nikautia ufunguo mfukoni, na kesho yake saa moja asubuhi nikaufungua.